Nimekubali Kupasuliwa, Baba

Malaba, Jumapili

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku mpakani, ambako mvua inanyesha kila alasiri. Mama anaendeleaje na kifua? Na wewe je, hujambo? Mimi naendelea, ila mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, ndiyo maana mwandiko umepinda. Ulikata simu kabla sijamaliza. Nimeona nikuandikie, barua haikatiki.

Bega hili, kama unavyojua, limekuwa likichomoka tangu nilipoanguka kutoka juu ya trela. Nilikwisha kuzoea. Likitoka, utingo wangu Wafula hunivuta, likarudi, tukaendelea na safari. Sasa siku moja tulikuwa kwenye foleni ya malori hapa Malaba, barabara inapoteremka. Foleni ikasonga, nami nikakata usukani kwa nguvu kukwepa shimo. Bega likatoka. Mkono ukaanguka mapajani kama wa mtu mwingine, na lori linateremka. Mbele yetu mama mmoja wa Angurai, kijiji cha hapa jirani, alikuwa akipanga ndizi zake za kuuza, ametupa mgongo. Maumivu yalinikunja, mguu ukaikosa breki. Wafula akanirukia, akavuta breki ya mkono. Lori lilisimama likiwa limegusa beseni lake la ndizi.

Yule mama hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni, akaniangalia, akasema, "Boss, wewe ni mgonjwa. Kama hutaki kutibiwa, wacha hii gari kwanza."

Wafula alinipeleka Busia kwa daktari wa mifupa, mama wa makamo. Nilimwambia wazi kwamba sitaki kisu. Nikamweleza habari zako: ulivyokuwa golikipa, ukapasuliwa bega ujanani, na tangu hapo mkono haugeuki nje wala huwezi kurusha jiwe. Hakubisha. Alisema zamani madaktari walikuwa wakikaza nyama za mbele ya bega. Bega halitoki tena, lakini halizunguki pia. Baadaye wakaanza kuingia na kamera kwa matundu madogo, wakashona kilichochanika mahali pake. Nikamwambia basi anifanyie hiyo. Akakataa. Picha zilionyesha ukingo wa mfupa umelika kwa kule kuchomoka mara kwa mara, na kushona peke yake kungefumuka. Siku hizi, alisema, wanapima mfupa kwanza ndipo wanachagua njia. Kwangu ilibidi wahamishe kipande cha mfupa wa jirani, hapo hapo begani, wakifunge kwa skrubu kiwe kizuizi.

Nikamuuliza kama nitakuwa kama wewe.

"Siwezi kukuapia," akasema. "Huenda mkono ukapungua kidogo. Lakini ukiliacha hivi, siku moja utaua mtu."

Ndipo nilipokupigia, ukasema nikitia sahihi ya kupasuliwa nisikuite baba tena, ukakata simu. Baba, nilitia sahihi. Wafula ndiye aliyenishikia karatasi.

Wiki zimepita tangu nipasuliwe. Juzi mtaalamu wa mazoezi aliniambia nigeuze mkono nje polepole. Niliogopa kuliko siku ya kupasuliwa. Ukageuka, Baba. Si wote, lakini uligeuka, na bega likakaa. Lori bado nimekatazwa kwa miezi.

Kuna jingine. Daktari aliniuliza kama wewe huumwa usiku. Nilimjibu kwamba hujawahi kulalamika. Kisha nikampigia Mama, akaniambia siku hizi unalala umeketi kitini. Daktari anasema bega likibanwa namna ile miaka mingi husagika ndani, na sasa lipo la kufanya. Anataka akuone. Sikulaumu kwa kunikataza. Ulitaka kunikinga na yaliyokupata.

Nisalimie Mama, dada yangu Wakesho na wanafunzi wake, na baba mdogo huko kwenye mbuzi wake. Wafula anakusalimu ingawa hamjaonana.

Nauli sitatuma, maana utairudisha. Nakuja mwenyewe kukuchukua. Hata usipoitikia hodi yangu, nitaketi mlangoni mpaka uvae viatu.

Mwanao,
Mwakio