Ngazi ya Katikati ya Mgahawa

Jumatatu, 3 Februari

Kwako dada,

Shikamoo. Natumai u mzima, na najua u mzima, maana cherehani yako inanguruma juu ya kichwa changu tangu alfajiri. Mimi huku chini sijambo, ila goti.

Najua hatusemezani tangu mwaka juzi, uliposema mbele ya wateja wangu kwamba supu yangu ni maji ya kusuuzia sufuria. Sitaki kuyafukua hayo. Nakuandikia juu ya nyumba. Baba alijenga chini kwanza, akapumzika, akajenga juu, ndipo akakumbuka kuwa binadamu haruki. Ngazi akaibandika palipobaki nafasi, yaani katikati ya mgahawa. Sasa kila anayekuja kwako kupima nguo anapita kati ya meza zangu. Jana bibi harusi kashuka na gauni lenye mkia, mkia ukaingia kwenye maharage ya mwalimu. Mwalimu hajarudi.

Basi nimeamua. Nitakujengea ngazi ya chuma nje, upande wa uchochoro. Hii ya ndani tuitie ukuta, nami nipate pa kuweka meza. Barua naiacha kwenye kipandio cha chini. Jibu liache hapo hapo.

Mdogo wako


Jumatano, 5 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti likande kwa maji ya moto, na uache kubeba magunia kama kijana. Mimi ni mzima wa afya.

Ngazi yako siitaki. Wewe unaona meza, mimi naona nyumba. Siku utakapoziba hapo, nyumba ya baba imekuwa nyumba mbili, na mimi na wewe tumekuwa majirani tu. Majirani ninao wa kutosha. Kweli hatusemezani, lakini kila asubuhi napita mbele yako nimenuna, nawe umenuna, na mtu akinuniwa walau ameonekana. Ukitia ukuta nitamnunia nani?

Halafu ngazi za nje za mtaa huu nazijua. Hakuna hata moja iliyojengwa na mtu mwenye akili timamu. Vua hiyo aproni, toka, ukazitazame kabla hujazungumza na fundi yeyote.

Dada yako


Jumamosi, 15 Februari

Dada,

Shikamoo. Goti limetulia, ahsante. Je, wewe kifua? Nimesikia unakohoa.

Nimetembea kama ulivyoagiza, na nakiri nimeishi mtaa huu miaka yote nikitazama sufuria tu. Hivi ulijua nyumba ya kinyozi ina madirisha ya duara kule juu? Nimesimama nikaduwaa mpaka akatoka na wembe kuniuliza nina shida gani. Kwa mwenye duka la rangi kila kipandio kina rangi yake, na bei imeandikwa pembeni. Kwa daktari wa meno ngazi inazunguka na kuzunguka, mgonjwa akifika juu kizunguzungu kimemshika na jino kalisahau. Kwa fundi saa ngazi imeanzia barabarani kabisa. Muuza matunda amekalia vipandio viwili vya chini, na mwenye nyumba humwomba ruhusa ya kwenda kulala kwake.

Lakini ya bekari, dada, ni ngazi hasa. Pana, ina kibaraza katikati cha kupumulia, na imepita ubavuni mwa tanuri kwa hiyo ina joto zuri. Paka wote wa mtaa wanalala pale. Nimechagua hiyo. Nimempa fundi masharti: kwanza ngazi ya nje isimame, ndipo ukuta. Nimemwambia mara mbili. Jumanne nitashinda kwa mchomeleaji, nihakikishe hakosei vipimo.

Usininunie zaidi ya kawaida.

Mdogo wako


Jumanne, 18 Februari

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Barua hii inakujia kwa kikapu na kamba kutoka roshani, kwa sababu kipandio cha chini sasa kiko upande wa pili wa ukuta.

Fundi wako amenijengea ndani. Nilikuwa nashona, nikasikia matofali yanapangwa. Nikasikia mwiko unakwaruza. Nikasema moyoni, hawa wana lao, na mimi sitakuwa wa kwanza kuuliza. Kwa hiyo nikapinda mikono miwili ya shati na kola. Nilipotaka kushuka kwenda kununua uzi nimekutana na ukuta mbichi uso kwa uso.

Bafu liko huku juu, namshukuru baba. Chakula sina. Tuma chochote.

Dada yako uliyemfungia


Jumatano, 19 Februari

Dada,

Shikamoo, na nisamehe. Fundi nimemkaripia hadi wapita njia wakamwonea huruma. Anasema mchanga ulishafika, mawingu yalikuwa yanajikusanya, akaona aanze na kilicho tayari. Nilipomwuliza kama hakujua kuna mtu juu, akajibu kwamba alikusikia ukishona, na kwa kuwa hukulalamika alidhani tumekubaliana.

Kumbe mimi na wewe tumefanana mno, dada. Mtu anajengewa kaburi anakaa kimya ili asishindwe ugomvi.

Nimeazima ngazi ya mbao kwa mwenye duka la rangi, nimeiegemeza kwenye roshani. Shuka taratibu, nitaishika. Kwenye kikapu kuna mkate, mayai na supu.

Mdogo wako


Jumatano hiyo hiyo

Mdogo wangu,

Mwanamke wa makamo yangu hashuki ngazi ya kupakia rangi huku kinyozi na wateja wake wamekaa kwenye viti wakitazama juu. Irudishe kwa mwenyewe.

Bakuli hilo hapo. Lilikuwa na supu, sasa halina. Usiniulize zaidi.

Dada yako


Ijumaa, 28 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba ya zile shikamoo zote ulizotia kikapuni. Afya yangu ni njema kuliko mwanzo, kwa sababu ya hewa ya roshani.

Huku juu kumenoga, sikufichi. Wale watu wanaozunguka kutazama nyumba za mtaa, wenye kofia na kamera, sasa wanasimama chini yangu kila siku. Kiongozi wao anawaambia kwamba nyumba hii ilijengwa bila ngazi makusudi, ili kumlinda fundi cherehani na wezi wa vitambaa. Wanaitikia kwa vichwa na kuandika. Mimi nateremsha nguo kwa kikapu, wanajaribisha uchochoroni, wanavaa hizo hizo na kuondoka. Vitambaa vimeniishia, hata mapazia yangu mwenyewe nimeyashona magauni nikauza.

Jana mchomeleaji kaleta ngazi yako ya chuma. Ni nzuri, sina la kusema, na kibaraza kinavutia. Lakini nimemzuia asiifunge, nimemwagia maji kidogo. Nikikanyaga ngazi ile mara moja tu, nimekubali kwamba chini si kwetu tena. Bora nibaki na kikapu. Kikapu walau kinajazwa na wewe.

Meza zako mpya nimezisikia zikiburutwa. Natumai zimejaa.

Dada yako


Alhamisi, 13 Machi
Wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeamka salama, mguu umening'inizwa juu ya kichwa changu. Huna haja ya kuuliza hali, uliiona kabla yangu.

Nakuandikia kwa sababu jana ulipokuja sote wawili tulitazama dirisha tu, na kalamu tumeizoea kuliko mdomo. Asubuhi ile ya kuanguka nilikuwa peke yangu, mlango bado nimeufunga, nimebeba sufuria la supu. Nikateleza, sufuria likalia sakafuni nyumba nzima ikasikia. Nikaona nyota za mchana. Nilitaka kukuita, na ulimi ukagoma, si kwa maumivu, kwa kiburi. Nimelala pale sakafuni, mguu umeelekea usikostahili, nami bado nahesabu nani amwite nani kwanza.

Ndipo nikasikia ukuta unagongwa. Tofali la kwanza liliangukia meza mpya, la pili likafuata, kisha ukatoka wewe, mweupe kwa vumbi tangu nywele hadi miguu, pasi ya chuma mkononi. Ukanitazama. Neno lako la kwanza kwangu tangu mwaka juzi likawa:

"Usisogee, mjinga wewe."

Nililia, dada. Wauguzi wanadhani ni mguu.

Fundi amekuja kunitazama na machungwa. Anasema tundu lile analiziba kwa nusu siku, na safari hii ataweka saruji ya kutosha. Amekiri mwenyewe kwamba ile ya kwanza aliibania. Nimemshukuru kwa ubahili wake, hakuelewa. Nimemwambia asubiri neno lako. Mambo ya nyumba sitaamua tena peke yangu.

Wanasema kesho nitaruhusiwa.

Mdogo wako


Alhamisi hiyo hiyo, jioni

Mdogo wangu,

Marahaba. Kula chakula cha hospitali, usikikosoe, wana kazi nyingi.

Mgahawa sikuufunga. Supu nimepika mimi. Mwalimu amerudi, kaonja, kaweka kijiko chini, akaniuliza kwa adabu utatoka lini. Wengine wakamwunga mkono. Nimesikia, na sitalirudia.

Fundi alifika na matofali yake, nimemrudisha nayo. Wateja wangu wanapita kwenye tundu, wanainama kidogo, na wale wa kamera wameuliza ni mtindo wa zamani wa wapi. Meza zako mpya nimezisukuma kando kuacha njia. Ngazi ya chuma nimemwuzia fundi saa, ili muuza matunda abaki na ile ya zamani.

Kingine nimefanya bila kukuuliza. Nimeshusha kitanda changu, nimekiweka chini kwenye chumba cha pili kutoka chako. Mguu ule utakuuma, na kiburi chako nakijua, hutaita. Nikiwa karibu nitasikia hata usipoita.

Barua hii usiijibu. Kesho nakuja kukuchukua, una njia nzima ya kuniambia.

Dada yako