Mukhtari Hataki Waarabu

Nikosia, Kupro

Dada Despo,

Mama mzima, mizeituni imezaa, na tumbo langu linazidi kunitangulia. Ila nimekasirika. Yakoumis, mukhtari wetu, yaani mkuu wa kijiji, anataka nifute ukurasa wa kitabu changu cha historia usemao kanisa letu lilijengwa na Waarabu Wakristo, wakimbizi wa Shamu, zama wafalme Wafaransa walipotawala kisiwa chetu. La sivyo hakiingii shuleni. Akanikabili mkahawani:

“Profesa, sisi na Waarabu wapi na wapi?”

“Mkubwa, hilo jina ‘mukhtari’ si Kiarabu?”

Mkahawa mzima ukacheka. Yeye hakucheka, na kitabu kikapigwa marufuku.

Watoto wanabatizwa mle ndani, halafu wananyimwa kujua nani aliziinua zile kuta! Sifuti hata neno. Ukurasa ndio huu. Wasomee wanao huko Melbourne, angalau hao wawili wajue.

Kaka yako, ambaye hata wewe hununui vitabu vyake,
Loukis