Msumeno wa Baba Yenu Usiwashwe

Wanangu,

Mkate uko kabatini. Msumeno wa injini msiuguse. Plagi nimeichomoa, ninayo mkobani.

Asubuhi nilikuwa nakata tawi lililoangukia uzio. Nikaachia resi, haikushuka. Mnyororo ukaendelea kuzunguka karibu na goti langu mpaka nilipouzima. Nimefungua: springi ni nzima, ila waya wa resi umeganda kwa unga wa mbao na mafuta ya kupikia. Wewe kifungua mimba, najua ni mkono wako. Ulikuwa ukimwona marehemu baba yenu akichukua chupa jikoni, ukamwiga. Ile chupa yake ilikuwa na mafuta ya mashine! Miaka kumi na minane nilimfokea aiondoe kwenye sufuria zangu, naye akipiga mluzi tu.

~~Jumamosi nauuza.~~ Hauuzwi. Jumamosi tutausafisha waya sote watatu, kwa petroli kidogo na mswaki mkuukuu, kama alivyokuwa akifanya.

Vyombo vioshwe.

Na ile kelele ya uani, sikuwa nawaita ninyi. Skrubu ilikaza, nikaita, "Baba Watoto, bisibisi!" Mkono nikaunyoosha kabisa, nikangoja.

Mama yenu