Mjane Anataka Sauti ya Mzee Kibii Isikike Kanisani

Mshauri wetu mpendwa, Bi Nakhumicha,

Ninakuja kwako kuomba msaada, mimi ambaye kwa kawaida ndiye huombwa, kwa maana tangu nilipostaafu ualimu mkuu hakuna mazishi, harusi wala ibada ya shukrani kutoka Dundori hadi bonde lote la Subukia ambayo sijasimama na kunena, na sasa, kwa mara ya kwanza maishani, nimepewa kipaza sauti na nikatamani kukikimbia.

Mwezi ujao tunafanya ibada ya kumbukumbu ya rafiki yangu, marehemu Mzee Micah Kibii, aliyekuwa mwenye posho mill, mashine ya kusaga unga, hapa kwetu, na mzee wa kanisa, na nikisema mzee wa kanisa simaanishi wa kukalia kiti cha mbele tu, namaanisha mtu ambaye hakuwasha mota kabla ya kuomba, hata mteja awe na haraka namna gani, ambaye Jumapili hakusaga hata gorogoro moja, hata kopo moja la mahindi, hata pale chifu alipokuwa akimwoza binti yake na unga ukaisha, na ambaye kila asubuhi aliwashika watoto wake mkono akawapeleka shuleni akiwa mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu, hivi kwamba wale wa darasa la kwanza walilia wakimwona. Kuyanena hayo ni furaha. Shida ni kuimba.

Marehemu aliimba, Bi Nakhumicha. Aliimba nyimbo za kanisa kutwa nzima kando ya mashine, kwa moyo wote na kwa sauti ambayo, nikitafuta neno la heshima, ilikuwa haijatambulishwa rasmi kwa wimbo wenyewe. Lakini kwa kuwa mashine ilinguruma kuliko yeye, sisi wateja tuliona tu mdomo ukifunguka na kufumbika, tukamhesabu miongoni mwa waimbaji, mpaka siku stima ilipopotea na mashine ikazima katikati ya ubeti na soko zima likasikia. Punda wa mteja mmoja, Makhanu, alikata kamba. Watu waliangua kicheko, naye mzee, badala ya kuona haya, akaumaliza ubeti wote kisha akatuambia, "Stima ndiyo imeenda. Bwana bado yuko." Tangu hapo mwalimu wa kwaya, Bwana Masinde, akamteua kuwa msimamizi wa kupanga viti, kazi ambayo, kwa namna ya ajabu, ilihitajika kila kwaya iliposimama.

Sasa mjane wake, Mama Cheptanui, anayo sauti hiyo kwenye simu, wimbo mmoja, beti zote, na anataka ichezwe kanisani mbele ya askofu, baada ya mimi kuitambulisha. Wanawe wamenijia kwa siri. Binti yake Cheptanui, ambaye ni msimamizi katika shamba la maua kule Naivasha na amewaalika wakubwa wake, aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiye mama husikiliza. Mwambie hiyo kitu isichezwe, ama tutachekwa mpaka Mai Mahiu." Nduguye Kipchirchir, aliyerithi mashine, akadakia, "Na wewe utaenda Naivasha! Mimi ndiye nitabaki hapa na wateja wakiniuliza kama naimba pia."

Nikaona nitumie busara. Nilimwendea mama, nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba spika za kanisa zimeungua. Akanishika mkono akasema, "Pole sana, Mwalimu, hata usisumbuke," na kesho yake akaniita kunijulisha kuwa amekodi zingine kutoka mjini Nakuru, zile za kampeni, kila moja inanizidi kimo, na kwamba mwenye nazo amemhakikishia zitasikika hadi ng'ambo ya bonde.

Nilipojaribu tena, kwa lugha ya kuzunguka, kumdokezea kwamba pengine kwaya peke yake ingetosha, aliacha kumenya viazi akanitazama. "Mwalimu, mimi niliisikia ile sauti hata mashine ikinguruma. Nikiwa hapa jikoni. Kama kwenu ni ya kufichwa, basi kumbukeni mtu mwingine. Mimi siku hiyo nitakaa nyumbani."

Bi Nakhumicha, kumbukumbu bila mjane ni kumbukumbu gani? Nikiicheza, kanisa litacheka na watoto hawatanisamehe. Nisipoicheza, mama hatakuja. Na nikisema ilikuwa sauti tamu, nitakuwa nimedanganya mimbarini, mbele ya askofu na mbele ya watu waliomwona yule punda. Nifanye nini?

Wako kwa heshima,
Mnenaji Aliyeishiwa na Maneno, Subukia

*

Mwalimu,

Pole kwa kumpoteza rafiki. Nimecheka kwa habari ya punda, sitakuficha, kisha nikafika kwenye spika na kicheko kikaniisha.

Ile hila ya spika hukuiita kwa jina lake. Umeandika "busara". Mwalimu mkuu mzima, umemdanganya mjane, naye akakupa pole! Nenda leo ukamwambie. Usihutubie. Sema, "Mama, spika za kanisa ni nzima, nilikudanganya, nisamehe," kisha unyamaze. Najua hapo pa kunyamaza ndipo patakuwa pagumu.

Halafu nieleze, ninyi watatu mnafikiri mama hajui? Mwanamke aliyekaa jirani ya sauti hiyo tangu akiwa bibi arusi, mnadhani masikio yake yalikuwa likizo? Ninyi mliisikia siku moja stima ilipopotea, na bado mnaisimulia. Yeye aliisikia kila siku, juu ya mota na juu ya sufuria, akajua mumewe yupo na moyo wake ni mweupe. Leo mashine inanguruma vilevile, Kipchirchir amesimama pale pale, na ndani ya ile ngurumo hamna mtu. Wewe unamletea habari za kwaya.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali alipokuomba useme sauti ilikuwa tamu. Sikupaona. Hilo umelizua mwenyewe, kwa sababu umezoea kuwapaka marehemu sukari hadi ndugu zao wanachungulia jeneza kuhakikisha. Yeye hataki mumewe apewe alama. Anataka asikike.

Mwambie Cheptanui hivi: baba yake alitembea naye hadi shuleni akiwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, watoto wakilia, na hakuuachilia mkono wake. Wakubwa wa Naivasha nao wana baba zao. Na Kipchirchir aambiwe kwamba mteja anayekuja kumcheka atakuja na mahindi, hawezi kuja mikono mitupu kwenye posho mill.

Siku ya ibada, simulia habari ya stima kabla ya kuicheza hiyo sauti. Simulia yote, na punda, na kamba. Kanisa licheke hapo, wakati aliyesimama mbele ni wewe, na utamwona mama akicheka kuliko wote. Kisha uwape maneno ya mzee mwenyewe, yale ya stima na Bwana. Hutapata hitimisho lililo bora hata ukeshe na kamusi. Baada ya hapo bonyeza simu na uketi. Beti zote. Usikohoe, usipunguze sauti, wala usirudi mbele kushukuru kwa niaba ya mtu yeyote. Mnenaji wa bonde zima, siku hiyo kazi yako ni kidole kimoja.

Kama mama bado anazitaka spika za Nakuru, ziwekwe, na wewe uwe wa kwanza kuzibeba.

Na viti vipangwe na Bwana Masinde.