Nukta Iliyosimama Bas-Uele

Jumatatu, 3 Machi
Courant ya umeme imerudi mchana. Kazi ileile: kuangalia pikipiki zetu za dawa kwenye karte, ramani ya kompyuta. Kila pikipiki ina kifaa kinachotuma kwa satelaiti namba za mahali ilipo. Maktaba ya programu, iliyoandikwa na watu wa mbali, inageuza namba kuwa maandishi, na karte yetu inayasoma. Macho yananiuma. Papa Baruani, dereva wetu mmoja, amevuka mto asubuhi kwenda Lubunga, na insulini ya Ubundu, kusini.

Jumanne, 4 Machi
Hajafika. Simu haipatikani, lakini njia ile haina réseau ya simu. Karte inamwonyesha Bas-Uele, kaskazini kabisa, ndani ya pori. Hasogei. Alikwenda kusini. Chef amesimama nyuma ya kiti changu akiitazama nukta. Akasema pikipiki mpya inauzwa vizuri kule. Nikaendelea na pikipiki nyingine. Nilikuwa nimechoka.

Jumatano, 5 Machi
Chef amekwenda na polisi nyumbani kwa Papa Baruani. Aliniamuru nije na kompyuta. Majirani walijaa kwenye parcelle, uani pote. Akamuuliza Mama Zaina, mke wa Papa, mbele ya wote, mumewe ana ndugu gani Uele, na pikipiki ameiuza kwa nani. Mama Zaina aliniangalia mimi.

"Weye unamujua. Iko mwizi?"

Nilisema karte inaonyesha Bas-Uele. Basi.

Sikula. Nina hasira na chef, na zaidi na mimi mwenyewe. Kwenda Uele angelazimika kurudi, kuvuka mto tena na kupita katikati ya mji huu. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimeacha karte, nimefungua ujumbe wenyewe wa kifaa. Kumbe.

Njia ya Ubundu inakata ikweta. Pale latitudo, namba ya umbali kutoka ikweta, inakaribia sifuri. Kifaa kilipima 0.0004. Namba ikiwa ndogo hivyo, maktaba huiandika kwa kifupi: 4.0E-4, yaani nne iliyosogezwa mbali nyuma ya sifuri. Karte yetu husoma mpaka ikutane na herufi, halafu inaacha. Inabaki nne. Digrii nne kaskazini ni Bas-Uele.

Siku nyingine pikipiki hupita pale haraka, nukta inaruka na kurudi, tunacheka bila kuuliza kwa nini. Safari hii pikipiki ilisimama.

Nilimwambia chef: "Papa Baruani iko kwenye ikweta. Tangu juzi."

Alichukua funguo za gari. Wameondoka na muuguzi.

Ijumaa, 7 Machi
Wamempata. Daraja la magogo lilikatika akiwa juu yake. Mguu umevunjika, homa kali, lakini yu hai. Watu wa kijiji walimfunga mguu kwa vijiti, wakamnywesha maji. Hawakuwa na njia ya kutuma habari. Insulini yote imeharibika. Hakuna anayezungumzia wagonjwa wa Ubundu. Mimi nawafikiria tu.

Niliwaandikia wenye maktaba. Wamejibu kwa heshima: namba iliandikwa sawasawa, msomaji ndiye hakuisoma yote. Wana haki. Bon. Nimerekebisha karte, sasa inasoma mpaka mwisho. Sijisikii furaha yoyote.

Jumapili, 9 Machi
Jana chef alitaka kumwomba Mama Zaina msamaha hospitalini alikolazwa mumewe, pembeni, mlango umefungwa. Alikataa.

"Ulisemea kwetu, mbele ya batu. Kuya useme kulekule."

Leo baada ya misa tulikwenda nyumbani kwao. Jirani mmoja alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, akaacha. Chef alisimama katikati ya parcelle, akasema polepole, kwa Kiswahili, halafu kwa Lingala, kwamba Papa Baruani hakuiba kitu. Kisha nikasema yangu: kwamba nilimjua, na nilinyamaza.

Mama Zaina alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatutolea viti.