Jino Lililokuwa Zima

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimetufika hapa Malangali. Bibi yako anaendelea vizuri, goti tu linamsumbua asubuhi, na ulezi tumeshauanika.

Umeuliza mtu anajuaje kwamba mawazo ya kazi yameanza kumzidi. Mimi sikujua, ingawa niliambiwa.

Nilikuwa mwalimu mkuu kijana kule Mtowisa, na shule ilinielemea. Taya likaanza kuniuma. Bibi yako akaniambia, "Baba Anna, siku hizi unakaza meno hata ukisoma gazeti. Pumzika kidogo."

Nikamjibu mbele ya walimu wenzangu waliokuwa wametutembelea, "Tangu lini umekuwa daktari?"

Nikapanda hadi mjini Sumbawanga kung'oa jino. Daktari wa meno akaligonga, akasema, "Mwalimu, jino hili ni zima." Nikang'ang'ania, akaling'oa. Wiki iliyofuata taya liliuma vilevile.

Ndipo nikaomba kuachia ukuu wa shule, nikarudi kufundisha hesabu tu. Maumivu yakaisha kabla ya mavuno. Lakini bibi yako alikuwa ameacha kuniambia lolote kuhusu hali yangu. Nikimuuliza, "Unanionaje?" alijibu, "Uko sawa," huku akiendelea kupepeta mahindi. Ilichukua miaka hadi aniamini tena, na miaka hiyo naijutia kuliko jino.

Kwa hiyo, mama, muulize huyo mwenzako unayekaa naye chumba kimoja uso wako ukoje siku hizi. Akikuambia jambo usilolipenda, mwache amalize.

Ni mimi babu yako, ninayekuwaza kila siku.