Tumbo la Chiriku

Nyumba Na. 4,
Nyuma ya Wodi ya Upasuaji,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Hujambo huko, na mafunzo yanakwendaje? Kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia? Sisi huku tu wazima. Mama goti limepoa, anatembea vizuri, na bado ananipangia la kufanya pamoja na mvi zangu hizi.

Nina habari ya mwanao. Kabla hujashtuka: Chiriku ni mzima, amekula, na sasa hivi yuko chumba cha pili anabishana na bibi yake kuhusu mto. Jumanne alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Sasa soma taratibu.

Unalijua lile tumbo lake la hesabu. Muhula huu lilimuuma mara tatu, kila mara asubuhi ya jaribio, na mara zote nililibonyeza mimi mwenyewe nikampeleka shule huku anacheka. Tukaligeuza utani wa nyumba nzima, hata mwalimu wake tukamsimulia. Kwa hiyo Jumatatu lilipoanza kuuma kweli, pale kitovuni, mwenzetu akanyamaza. Chakula hakukigusa, akamwambia bibi yake ameshiba. Kesho yake akaenda shule, akatapika, na mwalimu naye akadhani ni yale yale.

Mchana akashushwa na gari la shule hospitalini, kama kila Jumanne, ili turudi nyumbani pamoja. Dada, mtoto ambaye humaliza habari za darasa zima kabla hajafika mlangoni aliingia kimya, ameinama, mkono umeshika ubavu wa kulia.

Nikamlaza. Nikamwambia akohoe, akakunja uso. Nikamuuliza safari ilikuwaje, akasema kila tuta la barabarani lilimchoma tumboni. Nikabonyeza polepole chini upande wa kulia, nikaachia ghafla, machozi yakamtoka. Alikuwa na homa kidogo, na kipimo cha damu kikaonyesha chembechembe nyeupe zimepanda. Picha ya tumbo haikuonyesha vizuri, lakini sikuihitaji. Kazi hii nina miaka kumi na miwili nayo, na maumivu yanayoanzia kitovuni yakahamia kulia nayajua vizuri.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu jana.

"Ungesema ni tumbo la hesabu, mjomba."



Tukamtundikia maji na dawa ya kuua vijidudu, tukamzuia kula na kunywa. Kwetu hapa daktari hapasui ndugu yake, kwa hiyo kisu alikishika msaidizi wangu, yule binti ninayemtania kila siku kwamba ana mwendo wa kinyonga. Nikajisogeza nyuma yake nitoe ushauri. Akaniambia kwa adabu zote, "Daktari, ndugu wa mgonjwa wanasubiri kwenye benchi." Nikatoka. Pale benchini muuguzi akaja kunipoza moyo kwamba ni operesheni ndogo tu. Maneno hayo nimewaambia watu mamia, na siku zote nilidhani yanasaidia.

Dakika arobaini na tano. Kidole tumbo kilitoka kimevimba, ncha imeanza kuwa nyeusi, lakini hakijapasuka. Tungengoja siku moja zaidi, usaha ungemwagika tumboni na leo ningekuwa nakuandikia mengine. Mshono ni mdogo na nadhifu kuliko wangu, nakiri. Siku ya pili alitembea, ya tatu tukamrudisha nyumbani, na keshokutwa tunatoa nyuzi. Kuhusu kidonda ondoa shaka kabisa, hiyo ni kazi yangu na naisimamia.

Mama anakusalimu sana, na wifi yako pia. Binti wa kinyonga naye anakusalimu. Jina hilo nimelifuta rasmi.

Bado jambo moja. Chiriku aliniomba nisikwambie, anahofia utaacha mafunzo urudi, na ndiyo maana Jumanne hukupigiwa simu. Niliahidi, na sasa naivunja ahadi hiyo. Nimemwambia hivyo, amenuna. Lakini nusura tumpoteze kwa kuficha maumivu, dada, na aliyemfundisha kuyaficha ni mimi. Nisamehe.

Mpigie ukiipata barua hii. Atakwambia haumwi popote. Muulize mara ya pili.

Mungu akutunze huko uliko, na atukutanishe salama.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitindamimba